Mwadhini na Gari la Doria

Mtu wa kwanza kunieleza sawasawa jinsi gari la polisi lilivyomuua Mzee Issa Namtema alinieleza kwa mchezo. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameshika ungo kama usukani, akateremka kilima kidogo mbele ya waombolezaji waliokuwa wakicheka huku kope zao bado zimelowa. Nilipomwomba aje ayaseme hayo mbele ya hakimu alikataa, na kwa desturi ya pale alikuwa na haki ya kukataa.

Nimestaafu juzi. Vijana niliowaacha katika idara ya upelelezi wameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kusini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipopenda, na mishahara mnaijua. Nitaandika jinsi tulivyofanya kazi, na juu ya kesi hii moja ambayo sijaimaliza hata baada ya kurudisha sare. Jina la kituo kilichohusika sitalitaja. Kilikuwa kituo kidogo, barabara ya kutoka Ruangwa kuelekea upande wa Mandawa, na waliokuwa wakifanya kazi pale wana wajukuu.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Katikati ya miaka ya sabini nilipopangiwa Nachingwea, ilibidi nimtafute mwalimu wa jiografia anionyeshe iko wapi kwenye ramani. Nilifika juu ya lori lililokuwa linakwenda kupakia korosho, nikashuka mwekundu kuanzia nywele hadi viatu. Askari wa zamu alinitazama, hakucheka, akasema, "Karibu ndugu. Hilo ni vumbi la njiani. La kwetu utalionja kesho."

Niliwekwa chini ya Sajini Chilumba, Mmwera mfupi asiyeharakishwa na mtu. Baiskeli yake ilikuwa na mfuko wa turubai uliokuwa na futi ya kitambaa, vigingi vya mti, kamba, na kopo la majivu. Nilimwuliza majivu ni ya nini, maana chuoni tulifundishwa kuchora kwa chaki. "Chaki ni ya lami," alisema. "Ukiiona lami huku, nipigie simu." Juu ya mchanga alimwaga majivu taratibu kati ya vidole, na alama ya tairi ilijitokeza kama imechorwa na fundi. Ikiwa mawingu yalikuwa yanakusanyika, aliazima makarai kwa akina mama wa jirani akayafunika juu ya alama zile mpaka apate nafasi ya kupima. Makarai aliyarudisha yamesuguliwa. Aliniambia kwamba mpelelezi asiyerudisha karai hapati shahidi.

Jambo la pili alilonifundisha nililipata kijiji cha Mtua, kwenye wizi wa mabati ya ghala. Nilimhoji mama mmoja aliyekaa karibu na ghala. Uliona nini? Hakuona kitu. Ulisikia nini? Hakusikia kitu. Nikafunga daftari. Chilumba akachuchumaa karibu naye, akaokota punje za ufuta zilizomwagika.

"Mama, siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napepeta."

"Upepo ulikuwa mzuri?"

"Mzuri wapi! Nilikuwa nimekaa vizuri, lori likageuka pale kwa wauza mihogo, vumbi lote likaingia kwenye ufuta wangu. Ilibidi nihame."

Hapo tulijua kwamba kulikuwa na lori, na liligeukia wapi. Njiani kurudi Chilumba aliniambia nisimwulize mtu aliona nini, kwa sababu hilo ni swali la serikali, na swali la serikali hujibiwa hapana. Nimwulize alikuwa anafanya nini. Kila mtu anapenda kueleza kazi yake.

Alistaafu kabla ya kesi ya Mzee Issa. Kopo la majivu aliniachia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, msimu wa korosho. Ninyi hamkuiona petroli ya miaka ile. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana, na ya serikali yalitembea kwa kibali na kwa dua. Jumapili hiyo, wakati wa alasiri, Mzee Issa Namtema alikuwa anarudi kijijini kutoka shambani kwake, kichwani ana kikapu cha mabibo, yaani tunda lenyewe la mkorosho, korosho akiwa amekwisha kuzing'oa. Alikuwa mwadhini wa msikiti wa kijiji na alikuwa anawahi sala. Kwenye mteremko mrefu kabla ya kijiji, gari la doria la kituo kile lilimgonga kwa nyuma. Alifia pale pale.

Bosi wangu wa Nachingwea aliniita kesho yake asubuhi. "Kinyozi hajinyoi," alisema. "Wale hawawezi kujipeleleza. Nenda wewe."

Mkuu wa kituo kile alikuwa Inspekta mrefu, nadhifu, viatu vinang'aa mahali ambapo hakuna kiatu kinachong'aa. Alinikaribisha chai, akanipa maelezo kabla chai haijapoa. Yeye mwenyewe alikuwemo garini, amekaa mbele. Honi ilipigwa, mzee hakusogea. "Alikuwa amelewa, ndugu. Uraka. Ananuka mpaka kwenye nywele." Uraka, kwa msiojua, ni pombe ya mabibo. Dereva, kijana aliyeitwa Konstebo Festo, alisimama karibu na mlango akitazama kidole chake cha gumba. Nilipomwuliza, alirudia maneno ya mkuu wake kama mtoto anayesoma ubaoni.

Nilikwenda kwenye mteremko. Nilipiga magoti nikanusa mchanga. Ni kweli, ulinuka uraka. Mabibo yaliyopondwa yalikuwa yamekaa juani tangu jana, nzi wamejaa, na harufu ilikuwa ile ile ya vilabu vya Nachingwea mwisho wa mwezi. Nilimwaga majivu. Alama za breki zilianzia baada ya mabibo, siyo kabla. Aliyepiga honi akaona mtu hasogei angefunga breki mapema. Huyu alifunga baada ya kugonga. Niliazima makarai nikafunika.

Lakini swali lililonisumbua lilikuwa jingine. Mzee alikuwa anatembea kwenye mfuo wa tairi, palipo pagumu, kwa sababu pembeni mchanga ni mwingi. Watu wote wa pale hutembea hivyo. Wakisikia gari, hata likiwa mbali, wanapanda pembeni wanangoja lipite na vumbi lake. Na Land Rover ile ya doria ilikuwa na mngurumo wa kuamsha wafu. Mwadhini mwenye akili zake anawezaje kulikosa gari la namna ile katika barabara ambayo Jumapili haina gari jingine? Ama alikuwa amelewa kweli, ama kulikuwa na jambo nisilolijua.

Kwenda msibani ilikuwa lazima. Nilivaa nguo za kiraia na kofia ya kiua, lakini polisi hujulikana kwa viatu. Maongezi yalikoma nilipofika. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Nilipelekwa hadi mlangoni kwa mjane, Bi Somoe. Alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo alizungumza nami nyuma ya kanga iliyotundikwa, na mpaka leo sauti yake naijua kuliko sura.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa wao?"

"Hapana, mama. Nimetumwa kuchunguza."

"Basi chunguza hili. Mume wangu kufa ni kazi ya Mungu, sina ugomvi nayo. Lakini mkuu wenu alisimama juu yake, watu wamejaa, akasema, amelewa huyu. Mwadhini! Maisha yangu yote nimelala na mtu yule, nisijue harufu ya kinywa chake? Sasa watoto wanaimba huko nje, mwadhini wa uraka. Nani atakuja kusoma hitima ya mlevi?"

"Unataka tufanye nini, mama?"

"Neno lirudishwe. Pale pale liliposemwa, na watu wakiwepo. Sitaki kitu kingine kwenu."

Niliandika. Nilipotoka nje nikakuta watani wameanza.

Kwetu msiba ni kimya na ndizi. Chilumba alikuwa amenieleza kwamba kusini ukoo una watani wake, na siku ya msiba watani ndio wenye nyumba. Wanatukana, wanaficha majembe ya kuchimbia, wanamwiga marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani wa ukoo wa akina Namtema aliyekuwa hodari kuliko wote ni mwanamke aliyeitwa Binti Chande. Aliponiona alisimama.

"Eti huyu naye polisi! Issa ana bahati. Maisha yake yote hakupanda gari. Kalipata la kwanza, la serikali, la bure. Tatizo kalipandia chini!"

Watu waliguna, kisha wakacheka. Akamwita mwenzake, akamtwika kikapu kitupu, akamwambia, "Wewe Issa, tembea na ubahili wako." Yule mwenzake akaanza kutembea akinyoosha shingo na kukohoa kidogo kama mtu anayejiandaa kuadhini, na wazee walishika mbavu kwa jinsi alivyomwiga. Binti Chande akachukua ungo, akapanda kichuguu. Akaanza kushuka.

Hapo ndipo nilipoacha kutabasamu. Mtu yeyote akiigiza gari, mtoto au mkubwa, ananguruma. Binti Chande alishuka amefunga mdomo. Alinyata kwa ncha za vidole, macho juu, ungo umeshikwa imara, kama paka anayeiba. Alimgonga mwenzake mgongoni, kikapu kikaruka, "Issa" akaanguka. Na baada ya kuanguka, ndipo Binti Chande alipofungua mdomo: "Grrr! Grrr! Grrrrr!" akitikisika mwili mzima kama gari linalokataa kuwaka. Kisha akajinyoosha, akaweka mikono nyuma, akasema kwa sauti nzito ya kiofisa, "Amelewa huyu!"

Kelele za vicheko zilikuwa kubwa. Kutoka nyuma ya kanga nilisikia cheko moja fupi, likakatika.

Nilimfuata Binti Chande alipokwenda kunywa maji. Kwanza aliinyakua kofia yangu, akaivaa.

"Dada, mbona gari lako halikunguruma?"

"Limechoka. Gari la maskini."

"Jana alasiri ulikuwa unafanya nini?"

Akanitazama kwa macho ya kunipima. "Ee! Huyu kafundishwa. Nilikuwa naokota korosho za mume wangu, juu kidogo ya barabara. Umeridhika?"

"Njoo uyaseme haya mbele ya hakimu."

"Yapi? Mimi nimecheza."

"Umecheza ulichokiona."

"Sikiliza, bwana mkubwa wa ndizi. Msibani nina ruhusa ya kutia chumvi. Nikienda kortini, hakimu ataniuliza chumvi ni ipi na mboga ni ipi. Nikimjibu, nimeuvunja utani. Wazee wangu hawakuuvunja, mimi nitauvunja kwa ajili yako? Leta sabuni nikupe kofia yako."

Sabuni miaka ile ilikuwa haionekani hata kwa mganga. Kofia ilibaki kwake.

Nilirudi kituoni nikiwa na ushahidi ambao haukuwa ushahidi. Sikumwambia mtu kitu. Asubuhi iliyofuata nilimwomba Festo anipeleke kijijini kwa gari lile lile, kazi ya kawaida tu, nikatwae vipimo vilivyobaki. Tulizungumza mpira. Alikuwa kijana mwema, mwoga, na alipenda kuzungumza mpira kuliko kitu chochote. Tulipofika juu ya mteremko, katikati ya sentensi yake juu ya golikipa, mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye ufunguo, ukazima.

Sikuwahi kusikia kimya cha namna ile ndani ya gari. Nilisikia mchanga ukisagwa chini ya tairi, nilisikia kunguru, nilisikia hata akina mama wakisemezana mashambani. Gari lilikuwa linakimbia kama maji. Festo aliendelea kidogo na golikipa wake, kisha akasikia kimya naye. Aliutazama mkono wake. Sentensi haikumalizika.

Tulifika chini. Aliwasha: grrr, grrr, grrrrr.

"Afande," alisema, "ni mazoea tu. Kuokoa petroli."

"Mazoea ya nani?"

"Ni amri. Iliyotolewa kwenye gwaride la asubuhi. Kila mteremko, zima."

"Nani aliitoa?"

Alitazama kioo, kana kwamba kuna mtu amekaa nyuma. "Mkuu."

"Na honi?"

"Hatukupiga, Afande. Mkuu alikuwa ananieleza jambo, nilikuwa namtazama yeye. Ningetazama mbele, yule mzee ningemwona. Injini ingewaka, yeye angetusikia."

Alilia, nami nilimwacha alie.

Mganga wa zahanati aliyeupokea mwili alimaliza shaka iliyobaki. Nilimwuliza alifanya nini mwili ulipofika. Alisema alimfungua kinywa, alimsafisha uso, akamvua nguo. Nguo zilinuka mabibo. Kinywa hakikunuka kitu.

Niliporudi kwa Inspekta hakunikaribisha chai.

"Wewe ni askari, au ni wakili wa marehemu?"

"Ni mpelelezi, Afande. Ulitoa amri magari yazimwe mteremkoni?"

"Amri imeandikwa wapi?"

"Ya mdomo."

"Basi waulize waliosikia."

Niliwauliza. Niliwaita askari wa kituo kile mmoja mmoja, nikawauliza walikuwa wanafanya nini kwenye gwaride. Mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu. Mwingine alikuwa na homa. Mwingine alikuwa amesimama nyuma na upepo ulikuwa unavuma upande wa pili. Kwa mara ya kwanza swali la Chilumba halikuzaa chochote. Wote walikuwa na kazi, na kazi zote ziliziba masikio. Niliomba dereva wa zamu nyingine anipeleke ule mteremko. Naye alizima, mahali pale pale, ufunguo huku na maneno kule. Nilipomwuliza nani alimfundisha, alisema madereva wote wa serikali wanafanya hivyo. Na hilo lilikuwa kweli. Nilianza kuwachunguza: dereva wa kilimo, dereva wa elimu, wote walizima. Miaka ile ungeweza kusimama chini ya kilima chochote kati ya Nachingwea na Ruangwa, ukaona serikali nzima inateremka kimya. Kwa hiyo sikuweza kuthibitisha kama Festo alitii amri ya mkuu wake, au alifanya kama wenzake halafu akatafuta mgongo wa kuegemea. Nimewaza jambo hili nikiwa kazini na nikiwa likizo, na bado sijui.

Kesi dhidi ya Festo ilisikilizwa Nachingwea, baada ya Bi Somoe kutoka eda. Inspekta alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine; alikuja kutoa ushahidi akiwa na viatu vile vile. Aliapa kwamba hakutoa amri. Alipoulizwa juu ya ulevi alisema, "Nilivyoona mimi." Festo alikiri, akafungwa, akapoteza kazi. Hakimu alisema wazi kwamba hapakuwa na ushahidi wowote wa marehemu kulewa, na mganga aliaminika. Nilidhani shauri limekwisha. Niliwatazama watu wa kijiji waliokuja: walikuwa Bi Somoe na shemeji yake tu. Wengine walikuwa mashambani.

Nje, Bi Somoe alimsimamisha Inspekta karibu na gari. Hakupaza sauti.

"Baba, unanijua?"

"Nakujua, mama. Pole. Hakimu amekwisha kusema."

"Hakimu hakumwita mume wangu mlevi. Uliyemwita ni wewe. Njoo kijijini uliseme."

Inspekta alitazama huku na huku. Aliniona mimi. Nilimtazama kama mtu anayengoja jibu la swali lake mwenyewe, na kweli nilikuwa nangoja.

"Nitakuja," alisema.

"Lini?"

"Nitakuja, mama." Akapanda gari.

Nilimwambia Bi Somoe kwamba naweza kwenda mimi, na sare yangu, nikasimama kwenye mteremko nikawasomea watu maneno ya hakimu. Alifikiri kwa heshima kabla ya kukataa. Alisema kinywa changu hakikudaiwa kitu. Wakuu wangu wa Nachingwea niliwaomba wamwite yule Inspekta aje. Wa kwanza alisema ataliangalia, na wa pili alisema hilo liliangaliwa na wa kwanza. Hitima ilisomwa. Waliofika walikuwa ndugu, na watani, ambao hawahitaji kualikwa.

Nilihamishwa kutoka kusini mwishoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya kuondoka nilipitia kijijini. Bi Somoe alikuwa anaanika mihogo. Baada ya salamu hakuniuliza habari zangu wala za uhamisho.

"Yule mkuu wenu yu hai?"

"Yu hai, mama. Nilisikia yuko Morogoro."

"Kuna basi kutoka huko?"

"Lipo."

Aliendelea kupanga mihogo.

Sasa Inspekta yule naye amestaafu. Mtu anayekaa jirani naye aliniambia kwamba ni mzima, analima bustani, na anasafiri kwenda kwa watoto wake kila mwaka. Kijijini kwa Bi Somoe hajafika.